Pedali Tatu za Ndunda

Katika mitaa ya juu ya mji wa Machakos, ukimuulizia Ndunda utaambiwa ni yule wa mifereji. Nyumba nyingi zinazotazama vilima vya Iveti, mvua ikinyesha, maji yake hupita njia aliyoyapangia yeye: bati lililokunjwa kwa mikono yake, likainamishwa kidogo tu ili maji yasikimbie wala yasilale, mpaka kwenye tangi. Mvua ya huku haina ahadi. Anayejua kuikinga inapokuja ana heshima yake, hata akipita sokoni na suruali iliyochanika gotini.

Lakini kwa watu wa rika lake, ambao sasa wamevuka hamsini, Ndunda si mifereji. Ndunda ni solo. Wakilitaja jina lake hulifuatisha la Mutunga wa Kola, kama mtu asemavyo jembe na mpini, kwa sababu kwa miaka mingi hao wawili walipiga gitaa katika bendi moja ya benga, Ndunda solo, Mutunga rithimu, na harusi ya upande huo haikukolea bila wao.

Kila bendi ina desturi yake ya kufungua wimbo. Katika yao, mlango ulifunguliwa na Mutunga. Aliingia peke yake, akazunguka mahali pamoja mpaka miguu ya watu ianze kumjibu. Kisha ngoma, kisha besi. Ndunda alikuwa amesimama kando, macho yako kwa Mutunga, kidole kiko juu ya uzi, anangoja. Mutunga alipoona wakati umefika aliinua kidevu kidogo. Hapo ndipo solo iliposhuka, nyembamba, kutoka juu kabisa, kama ndege aliyekuwa akichagua tawi. Watu walikuja kwa ajili ya dakika ile.

Kisha Mutunga akaokoka. Hakukuwa na kishindo. Alisimama kanisani Jumapili moja, akasema ameweka chini mambo ya baa, na pamoja nayo akaweka chini gitaa. Bendi ikajaribu vijana wengine wa rithimu, haikushika, ikafa. Sherehe zikachukuliwa na madijei. Ndunda akalifuta gitaa lake, akalitia kwenye mfuko, akaliweka juu ya kabati. Mwelu, mkewe, ambaye watoto walipokuwa wadogo alikuwa akiomba kwa machozi jambo hilo litokee, alishangaa kuona kwamba halimfurahishi. Mumewe alikuwa akirudi nyumbani mapema, anakula, anaketi. Nyumba ilikuwa na mtu mmoja zaidi na sauti moja pungufu.

Ilikaa hivyo mpaka siku Ndunda alipokuwa juu ya ngazi nyumbani kwa Wakiuru.

Wakiuru ni mwanamke mwenye duka la vitambaa mjini. Wazazi wake walikuja kufanya biashara Machakos wakitoka Murang'a, naye akazaliwa hapa, na Kikamba anakijua vizuri kuliko anavyokubali mbele ya wateja. Jumapili alasiri huvaa kofia pana na buti, akaimba kantri katika bustani ya Hoteli Kyeni, ng'ambo ya mto. Kantri huku ni muziki ambao hata mzee wa kanisa huusikiliza bila kufunga dirisha. Una machozi, una mama, una njia ya kurudi nyumbani. Ila Wakiuru haimbi zile za zamani ambazo baba zetu walizipenda. Anaimba kantri ya siku hizi, ambayo gitaa lake hunguruma kidogo chini kisha likalia juu, na vijana huja kwa wingi kuisikiliza. Siku ile mpiga gitaa wake alikuwa amepata kazi Uarabuni, ameondoka. Wakiuru alikuwa barazani akifanya mazoezi na nduguye Kiama, mpiga ngoma, na kila walipofika mahali pa gitaa walinyamaza, wakahesabu kwa vichwa, wakaendelea.

Mara ya tatu, pale waliponyamaza, mluzi ukashuka kutoka paani na kuijaza nafasi yote.

Wakiuru alitoka nje akainua uso. "Fundi, hiyo umeitoa wapi?"

Ndunda akasema ameisikia mara mbili tu, hapo chini yake, na kwamba asamehewe, mdomo ulikimbia.

Ndivyo gitaa lilivyoshuka kutoka juu ya kabati. Mwelu mwenyewe alilipangusa vumbi.

Walifanya mazoezi, pamoja na mpiga besi wao, katika stoo nyuma ya duka, katikati ya mabunda ya vitambaa. Ndunda alizijua nyimbo baada ya kuzisikia mara chache. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Hata hivyo kila wimbo ulianza vibaya. Katika kantri ya Wakiuru gitaa ndilo linalofungua: linatembea peke yake kidogo, kisha ngoma inalifuata. Kiama aligonga vijiti kuhesabu, wakamtazama Ndunda, na Ndunda akaingia, lakini amechelewa nusu pumzi, na mwendo haujulikani ni upi. Wimbo ulianza ukichechemea, mpaka ufike katikati ndipo unyooke.

Wakiuru hakulijua jina la ugonjwa huo. Alisema, kwa adabu, kwamba labda ni sauti. Sauti ya Ndunda ilikuwa ya benga, kali, nyembamba; ya kantri ni pana. Ndunda alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Ugonjwa wa sauti una dawa dukani.

Dawa ya kwanza ilikuwa sanduku. Aliletewa na mpwa wake kutoka Nairobi, sanduku jeusi lenye vitufe na kioo kidogo, ambalo ndani yake mlikuwa na sauti zaidi ya mia. Ukikanyaga hapa, gitaa ni kinanda cha kanisa. Ukikanyaga pale, mvua inanyesha chini ya daraja. Kulikuwa na moja iliyoandikwa kantri, na hiyo Ndunda aliipenda, ila katikati ya wimbo mguu wake uliozoea ngazi ulikanyaga vitufe viwili kwa pamoja, na stoo yote ikajaa kilio cha kitu kisicho na jina.

Kiama aliweka vijiti chini. "Mzee, hiyo ni kantri ya wapi? Huko ng'ombe wako na mabawa?"

Walicheka wote, Ndunda pia. Lakini baada ya mazoezi Wakiuru alibaki naye mlangoni akifunga kufuli polepole. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wapenzi wa kantri kutoka pande zote wangekutana Hoteli Kyeni, na yeye ndiye angefungua sherehe. Kulikuwa na kijana wa Syokimau aliyekuwa amempigia simu, ana vifaa vyote, anaomba nafasi. Alikuwa amemwambia asubiri.

"Sitaki kukutoa, Baba Wavinya," alisema, akimwita kwa jina la bintiye. "Lakini siku hiyo wimbo ukianza hivi tunavyoanza, sitakuwa na maneno ya kukutetea. Kijana nimemwambia aje na gitaa lake, akae karibu."

Ndunda alitembea nyumbani akijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Hii ilikuwa bendi yake ya mwisho. Hakuna atakayekuja tena kumwita kutoka juu ya ngazi. Akitoka hapa, atakuwa mtu wa mifereji mpaka siku atakayozikwa, na kwenye mazishi mtu mmoja mzee atasema, zamani huyu alipiga gitaa, na vijana watatazamana.

Siku iliyofuata alilipeleka lile sanduku kwa Tracy.

Tracy ana kibanda cha kutengeneza redio na amplifaya karibu na stendi. Alisomea umeme, hupiga gitaa kanisani kwao, na ana mazoea ya kuongea na mteja huku ameuma skrubu kwa meno. Ndunda alimweleza yote, kantri, Jumamosi, sauti nyembamba. Tracy hakuligusa sanduku. Alimpa waya mmoja, akauchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya ndogo, akamwambia apige kavu, bila kitu.

Ndunda alipiga. Tracy akatoa skrubu mdomoni.

"Mzee wangu, nani alikuambia sauti yako ni mbaya? Huo ukali ndio watu wa kantri wanatafuta. Wengine wananunua gitaa mpya ili waupate."

Akamwambia kinachohitajika si sauti mia, ni tatu, na kila moja iwe na kazi. Aliziweka mezani moja moja, pedali ndogo za chuma, kila moja na taa yake nyekundu na kitufe chake kimoja cha kukanyaga, ili mguu usije ukapotea. Ya kwanza ilikuwa kompresa. Alianza kumweleza jinsi inavyoshika noti iliyo kubwa na kuinua iliyo ndogo, na Ndunda, baada ya kupiga kidogo akisikiliza, akamkatiza kwa upole. Alisema anaielewa. Ni tangi. Juu inaweza kuja mvua kubwa au manyunyu, lakini kwa bomba maji yanatoka sawa. Tracy akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo, na kwamba ataiba.

Ya pili ilikuwa ya kukwaruza. Hapo walibishana, kwa sababu Ndunda aliona mkwaruzo ni uchafu, na Tracy alisema bila huo wimbo wa siku hizi hauna mwili. Tracy aliuweka chini sana. Akapiga kwa nguvu, gitaa likanguruma. Akapiga kwa ncha ya kidole, likasafika. "Si roki," alisema. "Ni kama mtu ameamka sasa hivi, koo bado haijafunguka. Ni hivyo tu."

Kwa ile sauti ya kulia, inayopanda kutoka kimya kama mtu anayejizuia kisha anashindwa, Tracy alitaka kumpa pedali ya kupandisha sauti kwa mguu. Ndunda alikataa. Alipiga uzi huku sauti ya gitaa imefungwa, kisha kwa kidole chake kidogo akakizungusha kitufe cha gitaa lenyewe, na noti ikainuka pale kibandani, ikalia, ikatulia. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri redio yake akageuka kutazama.

Ya tatu ilikuwa pedali ya mwangwi. Hii Tracy aliiweka kwa makini kuliko zote. Mwangwi mmoja tu, wa karibu, unaorudi mara moja na kwisha. "Uwe kama kivuli cha saa sita," alisema. "Uko hapo kwa miguu yako, lakini haukutangulii na haukufuati mbali. Usiongeze, mzee wangu. Watu wa benga mnapenda kuongeza."

Walibadilishana: sanduku likabaki, na Ndunda akaahidi kurudi kuweka mfereji juu ya mlango wa kibanda, ambapo wateja walikuwa wakilowa. Alitoka hapo na pedali zake kwenye mfuko wa misumari, moyo umetulia.

Nyumbani aliziweka kwenye ghala, akaketi juu ya gunia la mbaazi, akawasha taa zile tatu. Alipiga nyimbo za Wakiuru na zote zilikuwa nzuri. Akazirudia. Kisha, kwa sababu hapakuwa na mtu, akainama na kukigusa kitufe cha mwangwi. Akakizungusha kidogo. Mwangwi ukarudi mara mbili. Akakizungusha tena, akausogeza mbali, mpaka noti yake ilipotoka, ikaenda, na ikarudi kuingia katikati ya noti iliyofuata, pale pale ambapo palikuwa wazi.

Akasimamisha mkono. Akaanza upya, polepole, noti chache zenye nafasi. Nafasi zikajazwa. Akaacha gitaa lizunguke mahali pamoja, na lile lingine likazunguka naye, likimpa bega. Akafumba macho. Alipofungua mdomo kupumua ndipo alipotambua kwamba anatabasamu. Alikaa hapo mchana wote akizungumza na sauti yake mwenyewe iliyorudi ikiwa ya mtu mwingine.

Mlango wa ghala ukasukumwa. Mwelu alikuwa amesimama na sinia, na kwenye sinia vikombe viwili vya chai. Akatazama gunia, akatazama ukuta, akatazama nyuma ya mlango.

"Mutunga ameenda wapi?" aliuliza. "Nilimsikia."

Ndunda alilipokea sinia. Alikunywa chai zote mbili.

Alikwenda kwenye mazoezi yaliyofuata akiwa na mwangwi kama alivyouweka. Sasa alikuwa na uhakika. Kiama alihesabu, Ndunda akaingia, na kwa mara ya kwanza aliingia wakati wake, kwa kuwa hakuwa peke yake. Lakini mashine haina masikio. Ilirudisha kila kitu kwa mwendo wake, bila kumwangalia mpiga ngoma, na Kiama alipoharakisha kidogo, kama wapiga ngoma wote wanavyoharakisha wimbo ukipendeza, magitaa mawili yakaanza kugombana na ngoma moja. Mpiga besi akaacha. Kiama akagonga mara chache kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akaacha.

"Kwani tuko wangapi hapa?" Wakiuru aliuliza. Alitazama kila pembe ya stoo. "Mimi nasikia mtu mmoja amezidi."

Ndunda alizima mwangwi. Wakajaribu tena bila huo, na wimbo ukaanza ukichechemea kama siku ya kwanza. Safari hii hakuna aliyefanya mzaha. Wakiuru alikunja karatasi ya maneno yake ikawa ndogo sana, akasema basi, tukutane Jumamosi.

Mwelu ndiye aliyemwambia aende Kola. Hakumbembeleza. Alikuwa akichagua mawe kwenye dengu, akasema bila kuinua kichwa, "Unatengeneza Mutunga wa mashine, na mwenyewe yuko hai, analima. Nenda umwone."

Mutunga alikuwa shambani akirekebisha matuta kabla ya mvua. Alikuwa ameongezeka tumbo na mvi. Alipomwona Ndunda akishuka kwenye kijia na gitaa mgongoni, aliegemea jembe lake na kumtazama mpaka alipofika.

"Sasa huyu amekuja kunirudisha Misri," alisema.

"Nimekuja kukusalimia."

"Na hicho kilicho mgongoni, ni kuku umeniletea?"

Waliketi kwenye ukingo wa tuta. Waliulizana habari za watoto, za magoti, za mchungaji. Ndunda akamweleza habari ya Wakiuru, Jumamosi, na kijana wa Syokimau. Alimweleza jinsi kantri isivyo na matusi, jinsi sherehe ni ya mchana, jinsi hata wazee wa kanisa huja. Alikuwa na hoja nyingi, na alizipanga kama mtu anayepanga mabati, moja juu ya ukingo wa nyingine, lisipite hata tone. Mwishoni akasema alichokuja kusema: Mutunga aje apige rithimu. Siku moja tu.

Mutunga aliokota bonge la udongo, akalivunja vunja mkononi. Alisema kwamba hana ugomvi na kantri, anaisikiliza. Hana ugomvi hata na gitaa. Ila anajijua, akilishika siku moja ataliota, na akiliota atalifuata, na alikuwa amehangaika sana mpaka akapata usingizi huu alio nao. Kisha akasema apigiwe hicho kinachosumbua.

Ndunda alikuwa amekuja na kiamplifaya cha betri. Akapiga mwanzo wa wimbo wa Wakiuru wa kwanza, ule wa kufungua sherehe. Mutunga alisikiliza ameinamisha kichwa. Akamwambia arudie. Akamwambia arudie tena.

"Kabla hujapiga, unaangalia wapi?" aliuliza.

Ndunda alisema haangalii popote.

"Unaangalia kushoto. Mahali nilikuwa nasimama."

Upepo ulipita kwenye mahindi yaliyokauka. Ndunda alitazama vidole vyake.

"Sauti yako haina shida," Mutunga alisema. "Hata pedali zako hazina shida. Unangoja nikufungulie. Kila wimbo tuliopiga nilikufungulia, wewe hujawahi kuanza wimbo hata mmoja tangu tuwe vijana. Sikujua nilikuwa nakuharibu. Wewe pia hukujua. Tuliona tu ni uzuri."

Ndunda akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ulikuwa uzuri.

"Ulikuwa. Lakini mimi siji, Ndunda. Jumamosi siji, na baada ya Jumamosi siji."

Akaingiza mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula, akamwambia aanze. Ndunda aliweka kidole juu ya uzi. Hakuweza. Alingoja, akajiona anangoja, akacheka kidogo kwa aibu. Mutunga hakucheka. Hakuinua kidevu. Alikuwa ameugeuza uso wake kabisa upande wa vilima, na Ndunda aliona kwamba shingo ya rafiki yake imekaza, kwamba kumnyima hivyo kulikuwa kunamuuma pia. Ndipo akaelewa kwamba hii ndiyo kazi ya mwisho waliyokuwa wakiifanya pamoja.

Akapiga. Ilitoka polepole kuliko wimbo wenyewe, lakini ilikuwa na miguu. Akaiacha itembee. Alipoinua macho, Mutunga alikuwa ameshika jembe lake, anasawazisha tuta, na jembe lilikuwa likiingia udongoni katika mwendo ule ule.

Jumamosi bustani ya Hoteli Kyeni ilijaa kofia. Kulikuwa na akina mama waliovaa buti mpya zinazowabana, vijana wenye mishipi ya shaba, mzee mmoja amebeba kiti chake kutoka nyumbani. Karibu na jukwaa alikuwa ameketi yule kijana wa Syokimau, mpole, ana gitaa lake miguuni ndani ya kasha gumu. Alimsalimia Ndunda kwa mikono miwili. Ndunda alimwonea huruma kidogo, alionekana hakulala.

Alichomeka pedali zake tatu. Kompresa aliiacha ikiwaka. Mkwaruzo aliuweka chini, kama Tracy alivyouweka. Mwangwi aliurudisha kwenye mmoja, wa karibu, kisha akaukanyaga, taa ikazimika. Alisogeza pedali zote kidogo kulia, ili asimame mahali ambapo kushoto kwake palikuwa na nguzo ya hema tu.

Kiama aliinua vijiti kuhesabu. Ndunda akatikisa kichwa: usihesabu. Kiama akamtazama dada yake, na Wakiuru, ambaye alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, hakuwa na la kufanya.

Bustani ilikuwa na kelele za sahani. Ndunda alipiga noti ya kwanza ndani ya kelele hizo, akaiacha. Akapiga ya pili. Gitaa lilikuwa kavu, kali, peke yake, na halikuogopa. Lilitembea mpaka ukingoni mwa mstari, likageuka, likarudi. Mwendo ulikuwa wa chini kidogo kuliko wa mazoezi. Mzee mwenye kiti chake alianza kugonga fimbo kwenye nyasi. Mzunguko wa pili sahani zilinyamaza. Ndunda alimtazama Kiama, na ngoma ikaingia chini yake kama ardhi. Wakiuru akaimba.

Wimbo haukuwa bila dosari. Katikati, kwenye nafasi ya solo, kidole kilimponyoka kikapanda juu kabisa na kushuka kwa haraka, mteremko mzima wa benga usiokuwa na kazi pale, na vijana wa mishipi ya shaba wakarusha kofia zao. Kwenye ubeti wa mwisho aliukanyaga mwangwi. Ulirudi mara moja tu kila noti, ukimgusa kisigino, na kwa kidole kidogo akailiza ile noti ndefu mpaka Wakiuru akasahau kuingia, akaingia amechelewa, akicheka ndani ya neno.

Walipiga mpaka kivuli cha hema kikavuka bustani. Baadaye, wakati Ndunda akikunja nyaya, alimwona Wakiuru akienda kwa kijana wa Syokimau. Waliongea kidogo. Kijana akaitikia kwa kichwa, akachukua kasha lake, akapita karibu na jukwaa. Alimuuliza Ndunda anatumia nini, na Ndunda akamwonyesha pedali zote na jinsi vitufe vilivyokaa, hata kile cha mwangwi, akamwambia asiuongeze.

Wakiuru alikuja nyuma yao na viatu mkononi, miguu imemvimba kwa buti.

"Jumapili tunaanza saa nane," alisema. "Baba Wavinya, tunafungua na gani?"

Hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo na bendi yoyote. Alifunga waya wa mwisho, akauweka mfukoni, akafikiri. Wakiuru aliketi ukingoni mwa jukwaa akisugua visigino, na Kiama akaendelea kufungua ngoma zake, na hakuna aliyemharakisha.